Mwalimu Debra na Lugha ya Mama Yake

Nilitumwa kufundisha Asembo Bay, kando ya ziwa, nikiwa na miaka ishirini na sita. Wazazi wangu ni Wabukusu wa Kimilili, lakini mimi nilizaliwa na kulelewa Kisumu, mtaa wa Manyatta, ambako baba alikuwa fundi mwashi. Kwa hiyo Kijaluo nilikipata kwa kucheza na watoto wa majirani, Kiswahili nikakipata shuleni, na Kibukusu nikakipata kwa kugombezwa nyumbani. Lugha ya ishara niliisomea chuoni, na nilipokuwa nikipanga nguo zangu sandukuni niliamini kwamba naijua.

Darasa la watoto viziwi lilikuwa nyuma ya shule ya msingi, ukipita pale wanawake wanapoanika dagaa wa omena. Vyumba viwili vya kusomea, bweni moja dogo, na jiko. Mwalimu aliyelisimamia aliitwa Debra Awuor, na yeye mwenyewe alikuwa kiziwi. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mwanya mpana. Viziwi hupeana majina ya ishara, na jina lake lilikuwa kugusa mwanya wa meno kwa kidole. Watoto wakitaka kumwita mwenzao aende kwa mwalimu, waligusa meno tu, na mwenzao alikwenda mbio.

Siku yangu ya kwanza nilifundisha somo la wanyama wa nyumbani, yeye akiwa amekaa nyuma ya darasa. Niliona nimefanya vizuri. Somo likaisha. Aliniashiria nikae kwenye dawati la mtoto, la mbele kabisa, halafu akaenda kusimama pale nilipokuwa nimesimama mimi, mbele ya dirisha kubwa linalotazama ziwa. Akaanza kunieleza jambo kwa mikono. Mwanga ulikuwa ukinipiga machoni, na yeye alikuwa kivuli cheusi kinachotikisika. Sikuelewa hata neno moja.

Kisha akasogea ukutani, akarudia polepole ili nimfuate.

"Umewafundisha kivuli cha ng'ombe," alisema. "Na uso wako umelala. Mikono inauliza swali, uso hauulizi. Mtoto ataamini uso."

Nilikuwa na cheti changu kipya na nilijisikia vibaya, lakini alicheka, akanipiga begani, tukaenda kunywa chai. Kuanzia hapo alinifunza kila siku. Alinifunza kupiga mguu sakafuni ili watoto wahisi na wageuke. Alinifunza kutowapa kisogo ninapoandika ubaoni nikiwa bado naongea. Alinifunza kwamba katika lugha hii nyusi ni sarufi, na mtu anayeona haya kukunja uso hawezi kuisema. Jioni tulipokaa nje ya jiko alinilazimisha nimsimulie mambo ya Manyatta kwa ishara, na kila nilipoliendeleza neno herufi kwa herufi kwa vidole, kwa uvivu, alifumba macho mpaka nitafute njia ya kulisema jambo lenyewe.

Watoto walinipa jina langu mwezi wa pili: kuinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayesikiliza. Kila kelele ilipotoka nje niligeuza kichwa katikati ya sentensi, na hilo liliwafurahisha sana.

Lakini kitu ambacho Debra alikishikilia kuliko vyote kilikuwa neno la kwanza. Watoto wengi waliletwa kwetu wakiwa na miaka sita au saba bila lugha yoyote. Nyumbani walikuwa na ishara za kula, kulala, kuja, kwenda, kuchunga mbuzi. Mimi nilitaka kuanza na vitu: kikombe, kiti, mlango. Debra alikataa. Yeye alianza na "kwa nini." Alimfungia mtoto mpira kabatini, akamwonyesha ishara hiyo, akairudia, akakunja uso, mpaka mtoto akamrudishia ishara kwa hasira. Hapo alifungua kabati na kumjibu. Aliniambia kwamba mtoto mwenye neno la kula na neno la kwenda amepewa amri tu. Mpe neno la kuuliza, naye atakufuata siku nzima akidai mengine.

Katika mwaka wangu wa tatu baba yangu alianguka akiwa kazini, akafa kabla hatujamfikisha hospitali. Tulimpeleka Kimilili kumzika. Sikumwomba Debra aje. Nilimkuta amesimama kituoni na mkoba wake na leso mbili, amekwisha kumwachia mpishi maagizo ya watoto. Kule kwetu hakumjua mtu hata mmoja. Wanawake waliomboleza kwa Kibukusu usiku na mchana, na yeye hakusikia chochote. Alikaa nyuma yangu, akaweka kiganja chake mgongoni pangu. Nilipolia alijua kabla ya dada zangu walionitazama usoni, kwa sababu kilio huanzia mgongoni. Alinishika hivyo siku zote za matanga. Tuliporudi Asembo sikumwita Mwalimu tena tulipokuwa wawili. Nilimwita Debra.

Basi tukawa marafiki wa kweli. Jumamosi tulikwenda ufukweni kununua samaki, na wachuuzi wote walimjua. Alikuwa mgumu wa bei kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, kwa sababu hakuweza kusikia maelezo ya mchuuzi na hakutaka niyatafsiri. Aliinua ngege, akamtazama macho, akamtazama mwenye samaki, akanyamaza, na bei ilishuka yenyewe. Nilipochumbiwa na kijana fulani wa Awasi, yeye ndiye aliyeniambia kwamba huyo kijana hanitazami ninapoongea. Nilimwangalia vizuri, nikaona ni kweli, na sikuolewa naye. Niliolewa baadaye na mwingine, na Debra alicheza kwenye harusi yangu kuliko wote, miguu peku, akifuata ngoma kwa nyayo.

Watoto ndio waliotangulia kujua kwamba macho yake yanakwisha. Niliona wameanza kumsogelea sana wanapozungumza naye, na kuinua mikono juu, mbele kabisa ya uso wake. Mimi nilidhani wanamzoea kupita kiasi. Halafu akaanza kujigonga kwenye ndoo na kukosa ngazi. Alikuwa na kisukari kwa miaka mingi, akijidunga sindano zake bila kumsumbua mtu. Nilikwenda naye Kisumu kwa daktari wa macho ili nimtafsirie.

Daktari alimpima kwa makini, kisha akanigeukia mimi na kuanza kusema, "Mwambie kwamba mishipa ya nyuma ya jicho..."

Debra alinishika mkono.

"Mwambie anitazame mimi," alisema. "Macho ni yangu."

Nilitafsiri. Daktari aliona haya kidogo, akasogeza kiti chake, akamweleza yeye uso kwa uso, nami nikasimama pembeni kama inavyopasa. Alimwambia ukweli: watamtibu kwa miale, itapunguza mwendo wa ugonjwa, lakini macho yaliyokwenda hayarudi, na yaliyobaki huenda yakafuata.

Tulitoka tukakaa kwenye benchi nje ya geti, chini ya jua la Kisumu, tukila njugu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Giza silijali sana," alisema. "Shuleni watoto wataongea mikononi mwangu, nimeona watu wakifanya hivyo. Wewe utaongea mikononi mwangu. Lakini nitalazimika kurudi kuishi kwa mama. Na mama hana lugha."

Hapo ndipo aliponiambia habari zake mwenyewe, baada ya miaka sita ya urafiki wetu. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo sana, na hakumbuki kusikia. Mama yake, Mama Apiyo, alikuwa mjane mkulima. Baina yao walikuwa na ishara za nyumbani: njoo, kula, ng'ombe, mvua, pesa, lala. Hizo tu, kwa miaka arobaini. Debra alipokuwa na miaka sita mama yake alimvalisha gauni jipya, akampandisha gari, wakaenda mbali mpaka kwenye nyumba kubwa yenye watoto wengi. Mama akampa yai la kuchemsha, kisha akaondoka. Ilikuwa shule ya bweni. Lakini nani angemweleza? Debra aliamini ametolewa. Aliamini yai lilikuwa la kuagana. Mama alipokuja kumchukua wakati wa likizo aliamini kwamba amemkomboa, na kila muhula ulipoanza aliamini ametolewa tena. Alipopata lugha alielewa shule ni nini. Ila hakupata kamwe njia ya kumuuliza mama yake kuhusu siku ile. Na mama yake hakujua kusoma, kwa hiyo hata kuandikiana hawakuweza.

"Sasa hata hizo ishara chache hatutakuwa nazo," alisema. "Nitakaa ndani ya nyumba ya mama kama kiti."

Ugonjwa ulikwenda kama daktari alivyosema. Katika muda wa mwaka na kitu Debra alibaki akiona mwanga na giza basi. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Oyugi, alikuwa mtu mwema, na kwa wema wake huohuo alianza kuongea habari za kumstaafisha mapema. Nilimwomba kwanza aje aketi darasani asubuhi moja. Alikuja. Alimwona Debra amekaa kwenye kiti katikati, na watoto wamepanga foleni, kila mmoja akiweka mikono yake chini ya viganja vyake na kumwambia habari. Alipokosea mtoto, Debra alizishika ishara zake akazinyoosha kidole kwa kidole. Hakuna mtoto aliyesinzia, maana hakuna aliyeweza kujificha nyuma. Bwana Oyugi alikaa mpaka kengele ya mapumziko. Hakurudia tena habari za kustaafu.

Nyumbani kwa Mama Apiyo, ambako Debra alikuwa amehamia, kulikuwa mwendo mfupi kwa bodaboda. Nilianza kwenda kila Jumamosi. Mama huyo alikuwa na miaka sabini na moja, mfupi, mwenye sauti kubwa, na alimtunza bintiye vizuri sana. Alimwogesha kwa maji ya moto, alimpikia kuon, ugali wa mtama, na samaki, alimshika mkono mpaka chooni. Halafu walikaa. Mama aliongea peke yake kwa Kijaluo kutwa nzima, Debra hakusikia. Na Debra aliposema neno kwa mikono, mama alimtazama, akatikisa kichwa, akamletea maji.

Nilimwambia nataka kumfundisha.

"Nyathina," aliniambia, yaani mwanangu, "mimi mikono yangu ni ya jembe. Hayo mambo ya ishara ni ya watu waliosoma."

Nilimwambia kwamba wanafunzi wetu wa miaka sita hawajasoma. Alicheka lakini hakukubali. Nilikwenda Jumamosi tatu nikinywa chai yake tu na kurudi. Jumamosi ya nne nilimkuta amekasirika. Debra alikuwa amekataa chakula tangu jana jioni na mama hakuweza kujua ni nini, kama ni tumbo, kama ni homa, kama amekosewa. Nilimuuliza Debra mikononi. Alisema jino linamuuma. Mama Apiyo aliposikia alikaa chini kwenye kigoda.

"Jino," alisema. "Nimemkanda tumbo usiku kucha. Haya, nifundishe."

Nilimuuliza Debra tuanze na neno gani. Nilifikiri atasema maumivu, au jino, au dawa. Mnajua alilolisema. Akachukua mikono ya mama yake, mikavu na mizito, akaikunja yeye mwenyewe katika umbo la "kwa nini." Mama aliona aibu kukunja uso. Nikamwambia akunje tu, hapa hakuna mgeni. Siku hiyo tulipata neno hilo, na jino.

Ilichukua miezi. Mama Apiyo alikuwa mwanafunzi mbishi, na ndiyo maana alifaulu. Alitaka kujua kwa nini ishara hii iko hivi na si vile. Alizigeuza nyingine apendavyo, na Debra alimkubalia. Alijifunza kwanza kuona mikono ya bintiye ikiongea. Hilo lilikuja haraka, kwa sababu alikuwa amemtazama mtoto huyo maisha yake yote. Kilichomtatiza ni kujibu: kuongea huku mikono ya Debra imelala juu ya yake, bila kuikaza, bila kuipeleka mbio. Mara nyingi alisahau na kupaza sauti, kana kwamba Debra atasikia akisema kwa nguvu. Nami niliporudi darasani Jumatatu nilifundisha vizuri zaidi, maana nilikuwa nimemwona mtu mzima akitoka jasho kwa ajili ya sentensi moja.

Siku Debra alipouliza, nilikuwapo. Tulikuwa nje tukichambua mboga za apoth. Aliweka ungo chini, akamgeukia mama yake.

"Siku ile ya shule, ulinipa yai," alisema. "Kwa nini uliondoka?"

Nilitazama kama mama ameelewa. Alikuwa ameelewa. Alijifuta mikono kwenye leso, akaichukua ya Debra, akaiweka juu ya yake. Alianza, akakosa ishara, akanitazama. Nilimpa aliyoikosa. Akaanza tena, polepole, na mdomo wake ukisema Kijaluo chini kwa chini.

"Yai lilikuwa la kukuambia nitarudi," alisema. "Sikuwa na njia nyingine. Nililia kwenye gari mpaka Kisumu. Watu waliniuliza nani amekufa."

Debra alimwambia arudie. Alirudia. Debra akauliza gari gani, nani alikuwa ndani, mama alikuwa amevaa nini, kwa nini gauni lilikuwa la kijani. Aliuliza mpaka mboga zikanyauka, na Mama Apiyo alijibu yote aliyoyakumbuka, na mengine akayakosa, akasema sijui. Mimi niliingia ndani kuteleka chai, nikakaa huko.

Baada ya siku hiyo nyumba ile ilikuwa na maneno mengi kupita kiasi. Waligombana juu ya chumvi. Walisengenya majirani, mikono ndani ya mikono, mbele ya majirani wenyewe. Mama Apiyo alimsimulia habari za baba yake, ambaye Debra hakuwa amejua hata kwamba alikuwa mpiga nyatiti, kinubi cha Kijaluo. Na Debra alimsimulia mama maisha ya shule, walimu wake, mwanamume aliyempenda akiwa kijana akahamia Mombasa, mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimeambiwa yote.

Walipata karibu miaka mitano ya namna hiyo. Kisha figo za Debra zilichoka. Alifundisha mpaka wiki ya mwisho kabla ya kulazwa, na alifariki Kisumu mwezi wa nne mwaka jana, asubuhi, mkono mmoja ukiwa kwa mama yake na mwingine kwangu. Tulimzika kwenye shamba alilolinunua mwenyewe, mbele ya ziwa. Viziwi walikuja kutoka kila upande, wengine wanafunzi wake wenye ndevu. Wakati wa nyimbo waliinua mikono wote pamoja, na wanakijiji wa Asembo, ambao mwanzoni walitazama tu, wakaanza kuinua yao pia. Nilikuwa mtafsiri siku nzima. Sikulia mpaka niliporudi nyumbani na kukosa mtu wa kumsimulia mazishi yalivyokuwa.

Bado ninamkosa. Nikipata habari nzuri mikono huinuka kumwambia kabla sijakumbuka kwamba hayupo. Lakini Jumamosi naendelea kwenda kwa Mama Apiyo, na sisi wawili, wenye masikio mazima, mara kwa mara tunaongea kwa ishara tu, hasa tukiwa tunamkumbuka. Ana miaka sabini na saba. Baada ya arobaini ya bintiye aliniambia hawezi kukaa na lugha yote hii bila kazi. Tukakubaliana aje shuleni kila siku ya wazazi, awafundishe ishara.

Muhula huu alikuja akiwa na leso mpya. Miongoni mwa wazazi kulikuwa na mvuvi wa Usenge aitwaye Obiero, ambaye alikuwa ametuletea binti yake Dorca, wa miaka saba. Dorca alikuwa na miezi miwili kwetu na alikuwa ameshika ishara kama moto unavyoshika nyasi. Obiero alisimama mlangoni, akasema yeye amekuja kumwona mtoto tu. Mambo ya kujifunza awaachie walimu. Vidole vyake vimekakamaa kwa kuvuta nyavu, na tena amekwisha kuwa mtu mzima.

Mama Apiyo alimtazama toka juu mpaka chini.

"Baba Dorca," alisema, "mimi nilianza nikiwa na miaka sabini na moja. Wewe una mingapi?"

Obiero alisema ana arobaini na miwili. Wazazi wengine walicheka, naye akacheka, akavuta kiti. Mama Apiyo akamuuliza kuna jambo gani moja ambalo angependa kumwambia mtoto wake leo. Nilitarajia aseme nakupenda, kama wazazi wengi. Obiero alikuna shingo.

"Alikuwa na kuku wake," alisema. "Mweupe. Alimtafuta kila mahali kabla hatujaja huku, akalia. Nataka ajue kuku hakupotea. Tulimuuza, tukanunua godoro lake la kulalia hapa."

Mama Apiyo alimfundisha kwa uvumilivu: kuku, nyeupe, kuuza, godoro, lako. Vidole vilikuwa vigumu kweli. Alirudia mara nyingi, akifinya midomo. Kisha tukamwita Dorca, akasimama mbele ya baba yake, akamtazama mikono na uso. Obiero alisema sentensi yake yote mpaka mwisho.

Mtoto akaanza kujibu, mikono mbio, nyusi zimekunjwa, akipiga mguu chini, akionyesha ukubwa wa kuku na mayai aliyotaga na mambo mengine chungu nzima. Obiero alimtazama kwa mshangao. Uso wake ulikuwa unang'aa kabisa.

"Anasema nini?" aliuliza.

"Anakugombeza," Mama Apiyo alimwambia. "Tulia umsikilize."